Kwa nini kauboi hahami: riwaya za mapenzi ya wanaume wawili kwenye ranchi za Marekani

Mwanamume anarudi Montana kumzika baba yake baada ya miaka mingi ya kuishi mjini. Ranchi aliyoachiwa ina madeni, ua wa upande wa mtoni umelala, na benki imeshatuma barua ya pili. Aliyebaki akiitunza ni mnyapara mkimya mwenye kofia iliyopauka kwa jua, na hana hamu hata kidogo na mtoto wa mwenye mali aliyekimbia kazi. Kwa kurasa mia tatu hivi wawili hao watagombana, watasimamisha ua pamoja, watapendana, watakosana karibu na mwisho, kisha watarudiana. Ukurasa wa mwisho unawakuta pale pale, na ranchi iko mikononi mwao.

Badilisha Montana kwa Texas au Colorado, mfanye mmoja wao daktari wa mifugo au mpanda fahali aliyevunjika bega, na utakuwa umepata mamia ya riwaya nyingine. Ni fani yenye wasomaji waaminifu na yenye mifululizo mirefu, ambamo kila kitabu kinamtafutia mchumba ndugu mmoja wa familia ileile. Ukiitazama kwa mbali inachanganya. Kauboi amekuwa nembo ya uanaume wa Marekani kwenye matangazo ya sigara na kampeni za urais; amefikaje kwenye hadithi za wanaume wanaopendana? Na mbona nyingi ya hadithi hizo zimeandikwa na wanawake? Nazipenda riwaya hizi, na naona zinaelezwa vibaya mara nyingi, kwa hiyo nianzie pale ambapo karibu kila mtu huanzia.

Ukilitaja jambo hili, utajibiwa Brokeback Mountain. Hadithi fupi ya Annie Proulx ilitoka katika jarida la The New Yorker mwezi Oktoba 1997. Filamu ya Ang Lee ikafuata mwaka 2005 na kuondoka na tuzo tatu za Oscar. Vijana wawili, Ennis del Mar na Jack Twist, wanakutana kiangazi cha 1963 wakichunga mifugo mlimani Wyoming. Mifugo yenyewe ni kondoo, jambo ambalo wafugaji wa ng'ombe wa huko hawalisahau kamwe. Wanapendana, wanashuka mlimani, kila mmoja anaoa mwanamke, na kwa miaka karibu ishirini wanaonana kwa kuibia. Jack anakufa. Ennis anabaki peke yake.

Kwa wachapishaji, hiyo haihesabiwi kuwa riwaya ya mapenzi. Chama cha waandishi wa riwaya za mapenzi cha Marekani, kilichoanzishwa mwaka 1980, kiliweka masharti mawili: mapenzi yawe ndicho kiini cha hadithi, na mwisho umridhishe msomaji na kumwachia matumaini. Kitabu kinaweza kuwa bora kuliko vyote vya mwaka huo, lakini kikivunja sharti la pili hakiingii rafu hii. Anayenunua riwaya ya mapenzi ameahidiwa kitu kabla hajafungua jalada, na mwandishi asiyetimiza ahadi ataambiwa usoni.

Hata hivyo uhusiano upo, tena wa karibu. Ndani ya hadithi ya Proulx kuna pendekezo. Jack anamwambia Ennis kwamba wangeweza kupata ranchi ndogo, ng'ombe wachache na ndama wao, wakaishi pamoja. Ennis anakataa na anatoa sababu: alipokuwa mtoto wa miaka tisa, baba yake alimpeleka kuona maiti ya mzee mfugaji aliyekuwa akiishi na mwanamume mwenzake. Mzee yule alikuwa ameuawa kwa kipigo. Mtoto alionyeshwa ili ajue. Sasa chukua pendekezo la Jack, futa jibu la Ennis, na mahali pake andika "haya, tujaribu". Hapo ndipo riwaya ninazozizungumzia zinapoanzia, zote, hata zile ambazo waandishi wake hawajawahi kumsoma Proulx.

Wasomaji wenyewe walianza kazi hiyo mapema. Mwaka 2009, katika mahojiano na jarida la The Paris Review, Proulx alilalamika kwamba tangu filamu itoke watu hawakuacha kumtumia hadithi yake waliyoiandika upya na kuipa mwisho mwema, hadi akasema anatamani asingeiandika kabisa. Naielewa hasira yake. Hadithi ile inahusu chuki na hofu, na bila kifo cha Jack haisimami. Lakini nawaelewa zaidi waliomtumia hadithi hizo. Mwaka mmoja tu baada ya hadithi kuchapishwa, Oktoba 1998, mwanafunzi aitwaye Matthew Shepard alipigwa akafungwa kwenye ua nje ya mji wa Laramie, Wyoming hiyohiyo, na akafa hospitalini siku chache baadaye akiwa na miaka 21. Aliyeyaona hayo kwenye televisheni hakuhitaji kitabu kimkumbushe kwamba mambo huweza kuisha vibaya.

Mwisho uliogombaniwa

Wapo wanaozicheka riwaya za mapenzi kwa kuwa mwisho wake unajulikana. Kwa mapenzi ya jinsia moja, mwisho huo umegombaniwa kwa zaidi ya miaka mia moja.

E. M. Forster, Mwingereza, aliandika riwaya yake Maurice mwaka 1913 na 1914. Ni hadithi ya wanaume wawili wanaopendana na ambao mwishoni hawatengani. Hakuichapisha maisha yake yote. Ilitoka mwaka 1971, mwaka mmoja baada ya kifo chake. Katika maelezo aliyoyaandika mwaka 1960 alisema kwamba mwisho mwema ulikuwa wa lazima kwake, na kwamba kama angemaliza kwa kijana kuning'inia kitanzini, kitabu kisingesumbua mtu. Mtazame pia mpenzi aliyemchagua: Alec Scudder, mlinzi wa wanyama katika shamba la tajiri, mtu wa mashambani mwenye kazi ya mikono. Na wawili hao hawaendi kujificha London. Wanaelekea msituni. Kwa maoni yangu Forster ndiye babu wa riwaya za ranchi, ingawa hakuna ng'ombe hata mmoja wa kupigwa chapa ndani ya kitabu chake.

Marekani ya miaka ya 1950 kulikuwa na vitabu vya bei nafuu vilivyouzwa kwenye vituo vya mabasi, vingine vikihusu wanawake wanaopendana. Wahariri waliiogopa posta, ambayo iliweza kuzuia kitabu kwa kisa cha uchafu, kwa hiyo wakawashurutisha waandishi wamalize kwa wazimu, kifo, au mmoja "kupona" na kuolewa na mwanamume. Mapenzi yaliruhusiwa kuonekana mradi yaadhibiwe.

Msomaji wa Afrika Mashariki ameushuhudia mvutano huohuo karibu zaidi. Aprili 2018 bodi ya uainishaji wa filamu ya Kenya ilipiga marufuku Rafiki, filamu ya Wanuri Kahiu kuhusu wasichana wawili wa Nairobi, wiki chache kabla haijawa filamu ya kwanza ya Kenya kuonyeshwa katika uteuzi rasmi wa tamasha la filamu la Cannes. Kahiu alieleza kwamba bodi ilimtaka abadilishe mwisho kwa sababu ulikuwa na matumaini mno. Septemba mwaka huo Mahakama Kuu iliiruhusu ionyeshwe kwa siku saba. Ugomvi mkubwa ulikuwa juu ya dakika za mwisho.

Kauboi wa kweli na kauboi wa kitabuni

Zama za kauboi tunayemjua zilikuwa fupi. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipokwisha mwaka 1865, Texas ilikuwa na ng'ombe wengi na soko lilikuwa mbali, kwa hiyo vijana wakawa wanaswaga makundi kwa miezi hadi kwenye reli huko Kansas. Malipo yalikuwa kama dola 30 hadi 40 kwa mwezi. Si wachache kati yao walikuwa Weusi, Wameksiko na wenyeji wa asili, ukweli ambao sinema ziliufuta. Kisha Joseph Glidden akasajili seng'enge yake mwaka 1874, nyika ikaanza kugawanywa vipande, reli zikasogea kusini, na kipupwe cha 1886 hadi 1887 kikaua ng'ombe wengi mno katika nyanda za kaskazini. Kazi ya kuswaga ikaisha. Ikabaki kazi ya ranchi: ua, nyasi, ndama.

Je, wanaume wale walipendana? Waliishi miezi mingi bila wanawake, walilala ubavu kwa ubavu chini ya blanketi, na kwenye sherehe zao wanaume walicheza dansi na wanaume, aliyechukua nafasi ya mwanamke akijifunga kitambaa mkononi. Hayo yameandikwa na yamepigwa picha. Lakini kulala karibu na mtu kwenye baridi kali si ushahidi wa mapenzi, na waandishi wanaoliona kila blanketi kama siri wananichosha. Upande wa pili, mtafiti Alfred Kinsey, katika kitabu chake cha 1948 kuhusu mwenendo wa wanaume, aliandika kwamba kujamiiana kwa wanaume kulikuwa jambo la kawaida miongoni mwa wafugaji na wachimba madini wa zamani wa Magharibi, watu ambao hawangevumilia madaha ya baadhi ya wapenzi wa jinsia moja wa mjini, na ambao hawakuona kwamba hayo yanahusiana na kulala na mwanamume mwenzao. Nadhani picha hiyo iko karibu na ukweli. Mambo yalitendeka, na hayakupewa jina.

Kauboi wa vitabuni alizaliwa baadaye, na alizaliwa na msomi wa mjini. Owen Wister wa Philadelphia, aliyesoma Harvard, alichapisha The Virginian mwaka 1902 na kuitabaruku kwa rafiki yake Theodore Roosevelt, aliyekuwa rais. Yeye ndiye aliyemgeuza kibarua wa ng'ombe kuwa mwungwana: maneno machache, mkono mwepesi, moyo uliofungwa. Na moyo uliofungwa ni mtaji mkubwa wa riwaya ya mapenzi, iwe ya nani na nani. Msomaji anangoja kurasa mia mbili mtu huyu aseme sentensi moja. Akiwa anampenda mwanamume mwenzake, sababu ya kufunga moyo haihitaji kubuniwa. Wilaya nzima inamtazama.

Asije mtu akadhani wanaume hawa wako vitabuni tu. Mwaka 1976, mjini Reno, Nevada, Phil Ragsdale aliandaa rodeo, yaani mashindano ya kauboi, ya wapenzi wa jinsia moja kuchangia misaada, na mwaka 1985 vyama vya majimbo vikaungana kuunda shirikisho la kimataifa la rodeo hizo. Wanawake na wanaume wanashindana katika michezo yote, ikiwemo kupanda fahali. Upo pia mchezo ambao watu wawili wanamkimbilia mbuzi aliyefungwa kamba, wanamvisha chupi na kurudi mbio kwenye mstari. Umekusudiwa ili hata asiyewahi kupanda farasi apate nafasi uwanjani, na watu huushindania kwa dhati. Wapo kati ya wanaoshiriki waliolelewa kwenye mashamba walikoambiwa hawawezi kurudi.

Ndama, wosia na sahihi

Hadithi nyingi za Marekani kuhusu wapenzi wa jinsia moja zina ramani moja: unazaliwa kijijini, unateseka, unapanda basi, unashukia San Francisco au New York, na hapo maisha yanaanza. Kwa watu wengi ramani hiyo ilikuwa ya kweli na iliwaokoa. Lakini inamtaka mtu atoe kila kitu alichozaliwa nacho: farasi wake, kaburi la mama yake, harufu ya nyasi zilizokatwa, kazi anayoijua. Riwaya za ranchi zinauliza kwa nini ni yeye wa kuhama. Kwangu mimi hilo ndilo swali lao kuu; vitanda vinavyotajwa sana na wanaozibeza vinakuja nyuma yake.

Ndiyo maana nzuri kati ya hizi zinachukua kazi kwa uzito. Chukua tukio linalojirudia karibu katika kila moja: usiku wa Machi, theluji nje, mtamba anazaa kwa mara ya kwanza na imeshindikana. Inatakiwa ionekane miguu miwili ya mbele, nyayo zikitazama chini, na pua juu yake. Umetoka mguu mmoja tu. Mmoja wa wanaume anavua shati, anaosha mkono hadi begani, anamsukuma ndama arudi ndani kidogo, anautafuta mguu uliojikunja na kuukinga ukwato kwa kiganja usije ukachana kizazi. Wanafunga minyororo juu ya kifundo. Wanavuta pale tu mama anaposukuma, kuelekea chini, na wanapumzika anapopumzika. Ndama anaanguka kwenye majani makavu, hapumui. Anachokonolewa puani kwa unyasi, anapiga chafya. Kisha inabidi apate dang'a, maziwa ya kwanza ya mama, kabla saa nyingi hazijapita. Mwandishi anayeijua kazi hii hahitaji kutuambia kwamba wawili hao wanaaminiana. Asiyeijua anaruka hadi kwenye busu, na mfugaji anayesoma anagundua hapohapo.

Upande wa pili wa ranchi ni makaratasi. Mapema miaka ya 2000 ilisikika kesi moja Oklahoma. Wanaume wawili walikuwa wameishi pamoja kwenye ranchi kwa zaidi ya miaka ishirini na kuwalea watoto wa mmoja wao. Mwenye ranchi akafa, akiwa ameacha wosia wa kumrithisha mwenzake. Wosia ulikuwa na shahidi mmoja, na sheria ilitaka wawili. Binamu za marehemu wakadai mali, mahakama ikawapa. Wangekuwa mume na mke, sahihi ile pungufu isingemtupa nje mtu aliyekuwa akiamka kulisha ng'ombe wale kila asubuhi.

Mahakama Kuu ya Marekani ilifuta sheria za kuharamisha mapenzi haya mwaka 2003, katika kesi iliyotokea Texas, na mwaka 2015 ikaruhusu ndoa nchi nzima. Ukizisoma riwaya ukiwa na miaka hiyo kichwani utaona zikibadilika. Zile za mwanzo zinajaa mashaka ya urithi, kaka mwenye wivu, jina lisiloandikwa kwenye hati. Za baadaye zinaweza kumaliza kwa harusi kwenye ghala la nyasi. Mimi bado navutiwa zaidi na zile ambazo kilele chake kiko ofisini kwa wakili: mwenye shamba anasogeza karatasi upande wa pili wa meza, na jina la pili linaandikwa kwenye hatimiliki.

Kuhusu waandishi, jibu ni refu kidogo. Tangu miaka ya 1970, mashabiki wa vipindi vya televisheni, wengi wao wanawake, walikuwa wakiandika na kugawana hadithi za mapenzi kati ya wahusika wanaume. Mazoezi yakawepo, wasomaji wakawepo, soko likakosekana. Kindle, kisomeo cha vitabu vya kielektroniki cha kampuni ya Amazon, kilipotoka Novemba 2007, ghafla ikawezekana kununua kitabu bila muuza duka kuona jalada, na kukisoma ndani ya basi bila jirani kujua. Kwa msomaji wa mji mdogo wa Texas hiyo haikuwa anasa. Nyumba ndogo za uchapishaji zikachipuka, nyingine zikafa, na kuanzia 2010 Amazon ikawalipa wanaojichapishia asilimia 70 ya bei kwa vitabu vya bei fulani. Wanawake waliokuwa wakiandika bure wakaanza kulipwa.

Manung'uniko yakafuata, na yalikuwa na haki yake. Kwa nini maisha ya wanaume hawa yasimuliwe na watu wasioyaishi, tena wengine wakitumia majina ya kiume ya bandia? Mwaka 2009 taasisi ya tuzo za Lambda, kubwa kuliko zote za fasihi ya wapenzi wa jinsia moja, iliamua kuwapa nafasi waandishi walio wapenzi wa jinsia moja, wa jinsia mbili au waliobadili jinsia tu. Mwaka 2011 ikalegeza. Msimamo wangu ni kwamba mwanamke ana haki ya kuandika chochote, lakini akijifanya mwanamume ili aaminiwe amewadanganya wasomaji wanaotafuta sauti ya mtu aliyepita njia yao. Wanaume waandishi wapo, na wapo waliokulia kwenye mashamba; wanastahili kutangazwa kuliko ilivyo sasa.

Fani ina madoa mengine. Wahusika ni Wazungu mno, wakati historia ya kauboi haikuwa hivyo. Ardhi inapendwa na kuliliwa kurasa nzima bila kutajwa Wakrow au Washoshoni, wenyeji wa asili walionyang'anywa. Deni la benki hufutwa na mjomba tajiri au farasi wa maajabu, jambo ambalo mfugaji yeyote angelitamani. Na kijiji mara nyingi kinakubali upesi mno: mwenye mgahawa anakumbatia, mchungaji anabariki, mbaya mmoja tu anaaibishwa.

Wyoming halisi ni ngumu kuiweka kwenye kapu moja kiasi hicho. Ni eneo lililowapa wanawake kura mwaka 1869, likajiita jimbo la usawa, na ndiko alikouawa Shepard. Novemba 2022, Seneta wake Cynthia Lummis, Mrepublican kutoka familia ya wafugaji wa ng'ombe, aliupigia kura ya ndiyo muswada wa kulinda ndoa za jinsia moja, na wapiga kura wake kadhaa walimshambulia vikali. Vijijini kuna watu kama hao wanaomshambulia, ambao bado watakuja na trela lao usiku wa manane ndama akikwama, watafanya kazi hadi alfajiri, watakunywa kahawa jikoni, na hawatatamka neno "mume" hata ukiwasubiri. Jirani wa aina hiyo nimemkuta katika riwaya chache sana, na kila nilipomkuta nilikiamini kitabu kizima.